Koki Iliyokingama

Sikuwapenda tangu siku ya kwanza, na sitaki kujifanya leo kwamba nilikuwa na sababu nzuri. Walikuja Jumatatu asubuhi, watano kwa mpigo, ovaroli mpya za bluu bado zina mikunjo ya dukani, kila mmoja na kofia ngumu kichwani utadhani paa la kituo chetu lilikuwa linawasubiri wao liwaangukie. Meneja aliwatangulia anacheka meno yote nje. Mimi nilisimama mlangoni na tambara langu la kufutia mikono begani, na sikusogea mpaka aliposema, "Mama, tupishe kidogo."

Mama! Miaka kumi na tisa nimeitwa fundi mlango ule ule. Wauza mitumba wa uchochoroni waliniita fundi, mlinzi aliniita fundi, hata yeye meneja maswali ya injini yalipokuwa yanamtoa jasho mbele ya wakubwa zake aliniita fundi, tena kwa sauti ya kubembeleza. Siku anawaleta wageni nimekuwa mama. Nilisonya, na najua alisikia.

Kituo chenyewe ukipita hukioni. Kipo nyuma ya maduka ya Kariakoo, upande unaoteremkia bondeni, kijumba cha matofali chenye shimo kubwa chini yake. Kila kinachotoka kwenye vyoo na majiko ya yale maghorofa kinateremka mpaka kwenye shimo hilo, na pampu ya umeme inakisukuma kiende mbele. Umeme ukikatika, kuna injini ya dizeli inayoendesha pampu ya pili. Injini ikigoma, shimo linajaa, na likijaa majitaka yanarudi nyuma, yanatokea kwenye chemba za uchochoroni na kwenye vyoo vya nyumba za chini. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha injini haigomi. Basi.

Na haikugoma. Niliijua ile injini kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu. Nilijua ikikohoa asubuhi ya mvua ni unyevu tu, itatulia. Ikilia kwa mbali kama mtu anayesaga meno, nilijua ni mkanda, na niliufunga mkanda kabla haujakatika. Nikiwa Magomeni nyumbani kwangu, umeme ukikatika tu nilikuwa nashika simu kumuuliza mlinzi kama injini imewaka. Halafu siku moja tukaitwa kwenye kikao, tukaambiwa utunzaji wa injini zote za mji, za visima vya maji safi na za majitaka, umepewa mzabuni. Eti ni kuongeza ufanisi. Niliuliza ufanisi gani unaotakiwa kuongezwa kwenye injini isiyozimika. Meneja akasema maswali yatajibiwa kwa maandishi. Mpaka leo nasubiri hayo maandishi.

Sasa nieleze kuhusu koki, maana hapo ndipo ubaya wangu ulipo.

Tangi la dizeli lilikaa juu ukutani, na chini yake kulikuwa na koki ya mafuta yenye mkono wa chuma. Koki za namna hiyo dunia nzima zinafanana: mkono ukilala sambamba na bomba, koki iko wazi, ukikingama, imefungwa. Ya kwetu ilikuwa kinyume. Miaka mingi nyuma mkono wake ulikatika, nikaenda Gerezani kwa wachonga vyuma, nikarudi na mkono wa koki nyingine. Ulikubali kuingia kwa upande mmoja tu, upande usio wake. Nikaufunga hivyo hivyo kwa siku mbili tatu mpaka nipate unaofaa. Siku mbili tatu zikawa miezi, miezi ikawa miaka, nikazoea. Mwenzangu wa zamu alizoea pia, kisha akastaafu akaenda zake Bagamoyo. Nikabaki peke yangu na koki ambayo wazi yake ni kukingama. Kwenye daftari la kituo niliandika kila kitu, tarehe za kubadili oili, chujio, mkanda, mpaka siku paka alipozaa chini ya betri. Koki sikuiandika. Ilikuwa aibu ya kazi yangu, na sikutaka meneja aisome.

Jumatatu hiyo ya makabidhiano, kiongozi wa wale watano wa mzabuni alinijia mbele ya wenzake wote. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mhandisi, Mchaga kwa lafudhi, ndevu zimechongwa vizuri. Akavua kofia ngumu.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Andika hilo, mtu mzima mwenye wajukuu nilisalimiwa shikamoo nikanyamaza. Nilimwangalia viatu. Akasubiri kidogo, akaivaa kofia yake taratibu, akaendelea kama vile nimejibu.

Walizunguka na orodha yao kwenye kishikwambi. Mmoja anasoma, mwingine anaangalia, wa tatu anapiga picha. Oili, sawa. Maji ya rejeta, sawa. Betri, sawa. Nilifuata nyuma yao nimekunja mikono, naomba Mungu wakute kasoro niwarukie, lakini hawakukuta. Ndipo yule anayesoma akasema, "Koki ya mafuta, iwe wazi." Mhandisi akatazama juu, akaona mkono umekingama.

"Hii imefungwa," akasema. Akanyoosha mkono, akaigeuza. Ikalala sambamba na bomba, safi kabisa, kama picha ya kitabuni.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno moja tu lingetosha: sivyo. Nililihisi kabisa mdomoni. Nikalimeza.

Wakaiwasha injini. Ikawaka mara moja, maana bomba na chujio vilikuwa bado vina dizeli, ikaunguruma dakika tatu bila mzigo wowote, pampu ya pili haivuti. Wakaizima, wakapiga picha, wakaandika sawa. Kisha mhandisi akanigeukia tena.

"Mama, wewe ndiye umeishi na hii mashine. Kuna kitu chochote tukijue? Kitu ambacho hakimo humu kwenye daftari?"

Aliuliza kwa adabu, na adabu yake ilinichoma zaidi. Nikamwambia, "Mmesoma nyie. Kila kitu kimeandikwa."

"Kweli mama?"

"Sasa unataka nikuapie?"

Akasema asante. Nikampa funguo, nikasaini, nikachukua kikombe changu na kanga yangu ya kujifunika wakati wa baridi ya alfajiri, nikatoka. Nilijisemea njiani, wacha wajue. Siku tatu nne wataaibika, injini itazima mbele ya wakubwa, watanyanyua simu kuniita, nami nitakwenda polepole. Nilikuwa nimeshapanga mpaka nitakavyotembea. Haikunijia akilini kwamba kati ya wao kuaibika na mimi kuitwa kuna watu wanaishi.

Walinihamishia ofisini Mchafukoge, ghorofa ya pili, kwenye meza ya kupokea simu za malalamiko. Fundi mzima nikapewa kipaza sauti cha kuvaa kichwani na karatasi ya maneno ya kusema. "Asante kwa kutupigia. Malalamiko yako yamepokelewa. Mafundi wetu wanashughulikia." Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Binti wa meza ya jirani alinifundisha namna ya kutabasamu nikiongea, eti mteja anasikia tabasamu. Nikamwambia aliyenileta hapa ndiye aende akatabasamu.

Alhamisi mvua iliamka nasi. Si ile ya manyunyu, ile inayoshuka kama mtu kamwaga ndoo. Saa nne kasoro umeme ukakatika. Ofisini taa zikazima, feni ikapunguza mwendo mpaka ikasimama, zikabaki simu tu kwenye betri, watu wakasema aah kwa pamoja. Kutoka pale mpaka kituoni ni dakika kumi kwa miguu. Nilijua saa hiyo hiyo injini inawashwa, nilijua itaunguruma kidogo tu na itazima, na nilijua watafungua chujio, watapiga pampu ya mkono ya mafuta mpaka vidole viume, wataangalia tangi wataona limejaa, wataangalia koki wataona iko wazi. Nilikaa nikifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Simu za kwanza zilianza robo saa baadaye. Mwenye duka la vitambaa, chemba mbele ya duka lake inatoa mapovu. Nikamsomea karatasi. Mwenye nyumba ya wageni, choo cha chini kinanguruma. Nikamsomea karatasi. Mwanamume mmoja alinitukana matusi ya nguoni, nikamwambia malalamiko yako yamepokelewa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nikatabasamu bila kufundishwa. Kila simu ilikuwa inawachapa wao, si mimi. Nilimwona meneja kwa kioo cha ofisi yake akizunguka na simu mbili masikioni. Nikasema, bado, hajaiva, aje mwenyewe.

Halafu ikaingia simu nyingine.

"Haloo? Haloo jamani, majitaka yanaingia ndani!"

Sauti ile naijua hata usingizini. Ni mama wa chakula, nyumba yake inatazamana na mlango wa kituo, mlango kwa mlango. Miaka yote kumi na tisa chai yangu ya asubuhi niliinywa kwenye benchi lake, chapati moja na maharage, na siku nisiyo na hela alisema kaa ule, kwani unahama? Nyumba yake ni ya Kiswahili ya zamani, imekaa chini ya usawa wa njia. Chumba cha uani, kile kilicho karibu na choo, alimlaza mama yake mzazi aliyemleta kutoka Lindi baada ya kupigwa kiharusi. Bibi yule alilala chini, kwenye godoro, kwa sababu kitandani alikuwa anaanguka.

"Yanatoka chooni, yanakuja uani, yameshaingia chumbani kwa mama! Siwezi kumnyanyua peke yangu, mzito, na wanaume wote wamekwenda sokoni. Jamani njooni!"

Nilifungua mdomo. Na ninyi mnaosoma mnadhani nilisema nini?

"Asante kwa kutupigia. Malalamiko yako yamepokelewa. Mafundi wetu wanashughulikia."

Alinyamaza kidogo. Nilisikia maji nyuma yake, na kitu kinaburuzwa. Kisha akasema, "Haya. Asante," akakata.

Nilikaa. Sijui kwa nini nilikaa. Hapana, najua. Nilikuwa na namba ya mhandisi kwenye karatasi ya makabidhiano, ndani ya mkoba, chini ya kiti. Sekunde ishirini zingetosha: geuza koki, iko kinyume. Lakini nikipiga mimi, ndiyo kusema nilijua. Watauliza ulijuaje, na kwa nini hukusema Jumatatu. Nilitaka niitwe, nikifika nijifanye nimegundua palepale. Nikajiambia meneja yuko njiani anakuja, dakika mbili tu, tatu tu. Nikaangalia mlango wake. Zikaingia simu nyingine nne, nikazisomea karatasi.

Alikuja baada ya dakika kama ishirini na tano. Shati limelowa kwapani.

"Mama, tusaidie. Injini inawaka inazima. Wale wamefungua kila kitu."

Nami, na yule bibi yumo ndani ya maji machafu, unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama wa nani?"

Akanikodolea macho. Binti wa meza ya jirani akavua kipaza sauti chake.

"Fundi," akasema meneja. "Nakuomba, fundi."

Nikasimama. Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu Jumatatu, na lilipofika halikuwa na utamu wowote. Nikashuka ngazi nakimbia, kanga mkononi, nikaingia kwenye mvua. Mtaani maji ya mvua yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Nilipokata uchochoro wa kituo yakawa ya rangi nyingine na harufu nyingine. Wapagazi walisimama juu ya mikokoteni yao. Mtu akasema, "Fundi huyo, fundi kaja!" na wengine wakapiga makofi. Walipiga makofi kweli. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndani ya kituo wale mabwana wa ovaroli mpya hawakuwa na upya tena. Mhandisi alikuwa amepiga magoti mbele ya chujio, dizeli mpaka kwenye ndevu, vidole viwili vinavuja damu. Walikuwa wanataka kutoboa tangi wakidhani uchafu umeziba. Nikampita bila kusema kitu, nikanyoosha mkono, nikaikingamisha koki. Nikashika pampu ya mkono nikatoa hewa mpaka mapovu yakaisha. "Washa," nikasema. Mmoja wao akawasha. Ikakohoa mara mbili, ikashika, na pampu ya pili ikaanza kuvuta. Ile sauti tamu ninayoijua. Sikuweza kuisikiliza.

Mhandisi alisimama. Aliitazama koki kwa muda mrefu, akanitazama mimi. Hakupiga kelele, na laiti angepiga.

"Nilikuuliza, mama," akasema.

Meneja alikuwa ameshafika mlangoni, anahema. "Ulimuuliza nini?"

Nilisubiri aseme. Haki yake aseme. Akinificha, kampuni yake ingepigwa faini, yeye angepoteza kazi, na yote kwa sababu ya neno nililolimeza. Akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Kuhusu daftari tu," akasema. "Kosa letu. Hatukuijaribu kwa mzigo."

Meneja akanigeukia, akaanza kunisifu, oo uzoefu ni uzoefu, oo lazima mkataba urekebishwe, fundi arudi kituoni kama msimamizi. Nilimwacha anaongea. Nikavuka uchochoro.

Nyumba ya mama wa chakula maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma, yameacha tope na vitu ambavyo sitavitaja ukutani mpaka usawa wa goti. Benchi limepinduka. Sufuria ya maharage inaelea uani. Chumbani, bibi hakuwa kwenye godoro. Godoro lilikuwa limelowa lote, zito, linanuka. Bibi alikuwa juu ya meza ile ya kukandia chapati. Mwanawe alikuwa amemburuza mpaka hapo, peke yake, akampandisha sijui kwa nguvu gani, na sasa alikuwa amemkumbatia asianguke, miguu yake mwenyewe imo kwenye uchafu. Bibi alikuwa anatetemeka, nywele zimelowa, uchafu uko kwenye shavu. Upande wa mdomo unaofanya kazi ulikuwa unasema jambo, sikuelewa.

"Shikamoo mama," nilisema. Bibi akaitikia kwa jicho.

Nikachukua kanga yangu nikamfuta shavu. Nikachota maji safi kwenye pipa la juu, nikaanza kumwosha miguu, mwanawe ameshika mabega. Sikuthubutu kumtazama rafiki yangu usoni. Nilitaka kumwambia. Nilianza, nikasema, "Shoga yangu, mimi..."

"Usiseme kitu," akasema. "Nilikujua kwenye simu. Ulivyosema asante tu nikakujua."

Nikaikamua kanga.

"Nilikuwa nalia," akasema. "Niliposikia ni wewe nikanyamaza. Nikamwambia mama, usiogope, aliyepokea ni fundi wetu. Anajua tulipo. Anakuja sasa hivi."